Hassan Fathy: Msanifu wa Misri aliyerudi kwenye tofali la udongo

Ukivuka Mto Nile kutoka mjini Luxor kwenda ng'ambo ya magharibi, barabara inayokupeleka kwenye sanamu mbili kubwa za Memnon na makaburi ya mafarao inapita kando ya kijiji kidogo. Watalii wengi hawasimami hapo. Kijiji kina msikiti wa udongo wenye kuba na mnara ambao ngazi zake ziko nje. Kina pia ukumbi wa maonyesho, na nyumba chache za matofali mabichi zilizobanwa katikati ya nyumba mpya za zege. Kinaitwa Gourna Mpya. Aliyekichora ni Hassan Fathy, msanifu majengo wa Misri aliyezaliwa mwaka 1900 na kufariki mwaka 1989.

Jina lake hutajwa karibu kila panapozungumzwa nyumba zinazojipoza zenyewe bila umeme, zilizojengwa kwa kile kilichopo chini ya miguu ya mjenzi. Na kila anapotajwa, hutajwa pia kwamba watu aliowajengea kijiji hicho walikataa kuhamia. Mambo yote mawili ni kweli. Ukichukua moja na kuacha jingine, humwelewi mtu huyu.

Mtoto wa tajiri asiyejua shamba

Fathy alizaliwa Alexandria tarehe 23 Machi 1900, katika familia yenye mali. Baba yake alikuwa na mashamba kadhaa, lakini hakupenda kukanyaga huko. Kwake shamba lilikuwa mahali pa inzi, mbu na maji machafu. Mama yake alikuwa kinyume. Alikuwa ameishi shamba utotoni na aliwasimulia watoto wake habari za wanakondoo, hewa safi na watu waliojitengenezea karibu kila walichokihitaji. Kijana Hassan alikua na shamba mbili kichwani, moja ya baba na moja ya mama, na hakuwa ameiona hata moja kwa macho yake.

Alitaka kusomea kilimo. Akashindwa mtihani wa kuingia chuoni, kwa sababu hakujua hata zao la kawaida linachukua muda gani shambani mpaka livunwe. Ndipo akaingia uhandisi na usanifu wa majengo mjini Cairo, na kuhitimu mwaka 1926. Kuanzia mwaka 1930 alikuwa mwalimu katika chuo cha sanaa cha mji huo.

Alikuwa na miaka 27 alipofika kwa mara ya kwanza kwenye shamba mojawapo la familia yake. Alikuta wakulima wanaishi katika vibanda vya chini, vyenye giza, bila choo wala maji safi. Hao walikuwa wakulima wa baba yake mwenyewe, na jasho lao ndilo lililomsomesha. Aliwasihi wazazi wake wamruhusu kuyaboresha makazi hayo, wakakubali. Lakini swali likabaki pale pale: utamjengeaje nyumba nzuri mtu asiye na fedha ya saruji, wala ya nondo, wala ya mbao?

Jibu lilikuwa limelala chini. Wakulima wa Misri wamejenga kwa matofali ya udongo tangu zama za mafarao. Unachukua udongo wa mto, unachanganya na mchanga kidogo na mabua ya ngano yaliyokatwakatwa, unamimina kwenye kalibu na kuanika juani. Gharama yake ni jasho. Ukuta, kwa hiyo, haukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa paa.

Paa lililomshinda

Misri haina misitu. Mbao za kuezekea huagizwa kutoka nje, na maskini haziwezi. Fathy alijua kwamba tofali linaweza kujifunika lenyewe likipangwa kwa upinde au kuba, kama ilivyo katika majengo ya kale. Lakini mafundi aliowajua walijenga upinde kwa namna moja tu: kwanza unatengeneza kalibu ya mbao iliyoshikiliwa na mirunda, unapanga matofali juu yake, kisha unaiondoa kalibu. Kwa hiyo mbao zinahitajika tena.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940, Vita vya Pili vya Dunia vilipozuia chuma na mbao kuingia nchini, alipewa kazi ya kujenga kwenye shamba la Jumuiya ya Kifalme ya Kilimo huko Bahtim, karibu na Cairo. Akaamua kujaribu mapaa ya upinde bila kalibu. Yaliporomoka. Akajaribu tena, yakaporomoka.

Aliyemfungua macho ni kaka yake, aliyekuwa amefanya kazi kwenye bwawa la Aswan. Alimwambia kwamba kule kusini Wanubi wanaezeka nyumba zao kwa udongo mtupu, bila ubao hata mmoja wa kushikilia.

Mwaka 1941 Fathy alisafiri hadi Aswan. Mjini hakuona cha maana. Alipofika kijiji cha Gharb Aswan, upande wa magharibi wa mto, alikuta alichokuwa akikitafuta: nyumba safi, ndefu kwa kimo, zenye mapaa ya upinde na kuta zilizopambwa, zilizojengwa na wenyeji bila msanifu. Katika safari hiyo hiyo alikwenda Luxor, kwenye hekalu la Ramses wa Pili liitwalo Ramesseum. Nyuma ya hekalu kuna maghala ya nafaka yaliyoezekwa kwa mapaa ya udongo ya namna ile ile. Yana zaidi ya miaka 3,200, na mengine bado yamesimama.

Naomba nieleze jinsi inavyofanywa, kwa maana hapa ndipo palipo na siri yote. Fundi hujenga kuta mbili za pembeni mpaka kimo anachotaka, na ukuta wa nyuma anaupandisha juu zaidi. Kwenye ukuta huo wa nyuma anapaka tope nzito na kuchora umbo la upinde kwa mkono, bila bikari wala kamba, kisha analisawazisha kwa tezo. Halafu anaanza kupanga matofali, lakini hayasimamishi wima. Anayalaza yaegemee ule ukuta. Mstari wa pili unaegemea wa kwanza, wa tatu unaegemea wa pili, kama vitabu vilivyoegemezwa pembeni mwa rafu. Kwa kuwa kila tofali limelalia lenzake, halina pa kuangukia.

Matofali ya paa ni mepesi kuliko ya ukuta kwa sababu yana mabua mengi zaidi. Na kabla hayajakauka, fundi hupitisha vidole juu yake kuweka mifereji miwili mitatu, ili tope liyanase vizuri. Wanaume wawili wenye tezo na ndoo za tope waliweza kuezeka chumba kizima katika muda usiofika siku mbili.

Fathy alirudi na mafundi kutoka Aswan, akawapeleka Bahtim. Kazi iliyokuwa imewashinda wasomi ikakamilika mbele ya macho yake. Mafundi aliofanya nao kazi miaka iliyofuata walikuwa akina Boghdadi Ahmed Ali na Aladdin Moustafa, nami nayataja majina yao kwa makusudi. Fathy mwenyewe hakuficha kwamba wao ndio waliomfundisha, lakini dunia imezoea kumkumbuka msanifu tu.

Jaribio lililofuata lilimpa onjo la mambo yatakayomkuta baadaye. Mafuriko yalikuwa yamekisomba kijiji kimoja karibu na Cairo, na Hilali Nyekundu ikataka kuwajengea watu upya. Fathy akajenga nyumba moja ya mfano kwa udongo, kwa gharama ndogo. Kamati ikaitazama, ikaisifu, kisha ikachagua nyumba za zege za msanifu mwingine. Ile ya udongo ikavunjwa.

Kijiji juu ya makaburi

Sasa tufike Gourna yenyewe. Gourna ya kale ilikuwa vitongoji vilivyotapakaa kwenye mlima, juu kabisa ya makaburi ya wakuu wa Misri ya kale. Watu wapatao 7,000 waliishi hapo. Nyumba nyingi zilikuwa na kaburi kwa nyuma, kama sisi tulivyo na stoo. Wengine walifuga mbuzi humo. Wengine waliishi kwa kuchimba na kuuza walichokikuta.

Haikuwa siri. Mwaka 1881 maofisa waliipata hazina ya miili ya wafalme iliyofichwa kwenye pango la mlima huo, mmoja wao akiwa Ramses wa Pili mwenyewe. Familia moja ya Gourna, ukoo wa Abd el-Rassul, ilikuwa imeigundua miaka kadhaa kabla na kuuza vitu vyake kidogo kidogo. Ni rahisi kuwaita wezi. Lakini mkulima huyo hakuwa na ardhi ya kutosha, na walionunua walikuwa mabwana waheshimiwa kutoka Ulaya.

Katikati ya miaka ya 1940 wezi walikata na kuondoka na mchongo mzima kutoka kwenye ukuta wa kaburi maarufu. Kukawa na aibu kubwa. Idara ya Mambo ya Kale ikaamua kuwahamisha watu wote kutoka mlimani na kuwapeleka bondeni, kwenye eneo la ekari 50 hivi. Ikatafuta msanifu wa bei nafuu. Mwaka 1945 kazi ikapewa Hassan Fathy.

Kwake ilikuwa fursa ya maisha. Hakutaka kupanga nyumba 900 zinazofanana kama masanduku ya sabuni. Alitaka kila familia ichorewe nyumba yake, kulingana na idadi ya watu na mifugo. Aliwapanga kwa koo, kila ukoo ukizunguka uwanja wake mdogo, ili majirani wa zamani wabaki majirani. Nyumba zilikuwa na ua wa ndani, zizi, na minara ya kufugia njiwa, maana samadi ya njiwa ni mbolea na nyama yake ni kitoweo.

Alichotafuta kilikuwa zaidi ya nyumba. Alitaka kijiji kinachoweza kujitegemea. Ndiyo maana alipanga soko, shule, jengo la mafundi wa kusuka na kufinyanga, na mafunzo ya uashi kwa vijana wa Gourna, ili waendelee kujijengea baada yake. Shimo lililochimbwa udongo wa matofali alilikusudia liwe ziwa la maji yanayotunzwa, watoto waogelee humo badala ya kwenye mifereji yenye kichocho. Aliwabunia hata wakulima suruali zilizopakwa mafuta zisipitishe maji, wavae wakiwa shambani. Majiko ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi aliyaiga kutoka milima ya Austria, akamwomba mwanamke wa kijijini ayafinyange kwa udongo, na yakawaka.

Katika shule aliweka mnara wa upepo, ambao Waarabu huuita malkafu. Ni kama bomba la moshi lakini kazi yake ni kinyume: mdomo wake unaelekea kaskazini unakotoka upepo wa baridi, unaukamata juu na kuushusha ndani. Humo akatandika mkaa uliolowanishwa, hewa ipite juu yake. Joto la hewa hiyo lilishuka kwa nyuzi 10. Hakukuwa na waya wala swichi.

Kuna jambo moja nashindwa kukubaliana naye. Fathy alitaka wanawake waendelee kuteka maji kwenye pampu ya kijiji badala ya kila nyumba kuwa na bomba. Hoja yake ilikuwa kwamba safari ya mtungi ndiyo inayompa msichana nafasi ya kutoka, kukutana na wenzake na kuonekana na wachumba. Huenda ni kweli. Lakini hoja hiyo aliitoa mwanamume ambaye hakuwahi kubeba mtungi kichwani. Sijui mama gani, wa Gourna au wa kwetu, angechagua mtungi kama angeulizwa.

Na hapo ndipo penye mzizi wa fitina. Aliwachunguza watu wa Gourna kwa upendo na kwa makini, lakini hakuwa na uwezo wa kuwauliza swali la kwanza kabisa: mnataka kuhama? Swali hilo serikali ilikuwa imeshalijibu kwa niaba yao.

Kukataa

Ujenzi ulianza vizuri kisha ukaanza kukwama. Mabua ya ngano, kitu cha bei ndogo kabisa, yalihitaji barua na sahihi kutoka Cairo. Mishahara ilichelewa. Idara moja ikamtupia mzigo idara nyingine.

Wenyeji nao hawakukaa kimya. Wakati wa maji ya mto kujaa, usiku, watu walitoboa tuta lililozuia maji yasifike kwenye kijiji kipya. Maji yakaingia. Fathy alijua kwamba kwa nyumba ya tofali bichi hakuna adui mbaya zaidi ya huyo, na waliotoboa tuta walijua pia.

Sababu zinazotajwa ni mbili. Ya kwanza ni kuba. Katika sehemu hiyo ya Misri, kuba hujengwa juu ya kaburi la walii au mtu mashuhuri. Watu waliombwa watoke kwenye nyumba zilizo juu ya makaburi waende kulala ndani ya nyumba zenye sura ya kaburi, na wengi hawakupendezwa.

Ya pili ni tumbo, na kwangu mimi hii ndiyo nzito. Mlimani kulikuwa na watalii, punda wa kukodisha, vinyago vya kuuza, na makaburi. Bondeni kulikuwa na nyumba nzuri. Mazulia na vyungu alivyovipanga Fathy vingechukua miaka kuleta riziki, na mtoto hula leo.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 kazi ilisimama. Msikiti, soko, ukumbi wa maonyesho na majengo mengine ya umma yalikuwa yamejengwa, lakini kati ya zile nyumba 900 haikufika hata robo. Nyingi zilikaa bila watu kwa muda mrefu. Fathy alijaribu kuifufua kazi, akagonga mwamba, na mwaka 1957 akaondoka nchini. Alikwenda Athens kufanya kazi na msanifu na mpangamiji wa Kigiriki Constantinos Doxiadis. Akiwa huko alifanya miradi ya Iraq na kusafiri sehemu mbalimbali za Afrika.

Vyumba viwili Cairo

Alirudi Misri mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kukuta nchi imeingia kwenye zege kwa nguvu zote. Bwawa Kuu la Aswan lilikuwa linajengwa, na maji yake yangefunika nchi ya Wanubi. Mwaka 1963 na 1964 Wanubi wapatao 50,000 wa upande wa Misri walihamishiwa kwenye eneo la Kom Ombo, katika nyumba za zege na mawe zilizopangwa kwa safu. Watu waliomfundisha Misri yote jinsi ya kuezeka bila ubao sasa walipewa paa la zege. Gharb Aswan, kijiji kilicho chini ya bwawa, kilisalimika.

Mwezi Machi 1964, katika uwanja wa kituo cha utafiti wa ujenzi mjini Cairo, palifanywa jaribio ambalo mimi naliona ni muhimu kuliko majengo yake yote. Vilijengwa vyumba vya mfano kwa vifaa tofauti ili vipimwe joto mchana na usiku. Kimoja kilikuwa cha tofali bichi, kuta na paa vikiwa na unene wa sentimita 50. Kingine kilikuwa cha paneli za zege za kiwandani zenye unene wa sentimita 10.

Ndani ya chumba cha udongo, joto lilicheza kati ya nyuzi 21 na 23 kwa saa zote 24. Ndani ya chumba cha zege lilifika nyuzi 36, likazidi hata joto la nje kwa nyuzi 9. Aliyewahi kuingia kwenye chumba cha bati lisilo na dari saa nane mchana hahitaji kuelezwa maana yake.

Inatokeaje? Ukuta mnene wa udongo hulimeza joto la mchana polepole. Kabla joto halijafika ndani, jua limezama, na usiku wa jangwani ni wa baridi, hivyo ukuta unalitoa joto kule nje lilikotoka. Zege jembamba halina subira hiyo. Kuba nalo husaidia, kwa sababu jua haliwezi kulipiga pande zote kwa wakati mmoja, na hewa ya moto hupanda juu, mbali na kichwa cha mtu.

Ila tahadhari kwa msomaji wa Tanga, Mombasa au Unguja anayetaka kuiga. Kinachofanya kazi Luxor, ambako mvua karibu haipo na usiku ni mkavu na wa baridi, hakifanyi kazi vile vile pwani. Kwetu usiku haupoi sana, na unyevu unamtaka mtu apate upepo mwilini kuliko ukuta mnene. Mvua ya masika nayo italilamba kuba la udongo lisilolindwa. Fathy mwenyewe hakusema dunia nzima ijenge kuba. Alisema mtu aanze na hewa, udongo na desturi za mahali alipo.

Baris, na umaarufu wa uzeeni

Katikati ya miaka ya 1960, maji mengi ya chini yalipatikana karibu na Baris, katika oasisi ya Kharga, jangwa la magharibi. Serikali ikataka kijiji kipya cha wakulima, familia 250, na Fathy akapewa kazi. Huko joto la kiangazi hufika karibu nyuzi 50, na mazao huharibika njiani kwenda sokoni.

Alijenga soko lenye maghala chini ya ardhi na minara ya upepo inayoshusha hewa mpaka huko. Joto ndani ya maghala lilikuwa chini ya lile la nje kwa nyuzi 15 hivi. Ni jokofu la udongo, kwa lugha nyepesi. Mwaka 1967 vita na Israel vikazuka, fedha zikaisha, ujenzi ukasimama. Wale wakulima hawakuhamia kamwe, na maghala hayakuwekwa mazao.

Mwaka 1969 wizara ya utamaduni ya Misri ilichapa nakala chache za kitabu chake kuhusu Gourna. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha Chicago kikakitoa upya kwa jina la Architecture for the Poor, na ndicho kilichomtangaza duniani. Ni kitabu cha ajabu, kwa sababu ni simulizi ya mradi ulioshindwa na bado kiliwafanya vijana wa nchi nyingi watake kujenga kwa udongo. Ndani yake lawama nyingi zinawaangukia maofisa. Kwa haki kabisa, nadhani. Lakini wenyeji wa Gourna hawakuandika kitabu.

Mwaka 1980 alikuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kupewa tuzo ya Right Livelihood, ambayo wengi huiita Nobel mbadala. Mwaka huo huo alipata tuzo ya heshima ya mwenyekiti katika tuzo za usanifu za Aga Khan, yule yule ambaye Afrika Mashariki tunamjua kwa hospitali na shule. Alikuwa na miaka 80 wakati huo. Katika kipindi hicho alikwenda Marekani, New Mexico, na mafundi wa Kinubi, wakajenga msikiti wa udongo kwenye kijiji cha Abiquiu. Wamarekani walipiga picha wakiwatazama mafundi wakipandisha kuba bila kalibu.

Siku zake za mwisho aliishi Cairo ya kale, kwenye mtaa wa Darb al-Labbana chini ya ngome, ndani ya nyumba ya zamani yenye ua, pamoja na paka wengi. Wanafunzi kutoka nchi mbalimbali walipanda ngazi kwenda kumsikiliza. Aliaga dunia tarehe 30 Novemba 1989.

Baada yake

Udongo wenyewe umebadilika. Tangu Bwawa Kuu lianze kazi, Nile haileti tena tope jipya kila mwaka, na mwaka 1983 sheria ilikataza kuchimba udongo wa mashamba kwa ajili ya matofali. Kuba za Fathy zinaonekana sasa zaidi kwenye hoteli za watalii za pwani ya Bahari ya Shamu na nyumba za matajiri kuliko kwa wakulima.

Gourna Mpya ilipata watu pole pole, wengi wao wakiwa familia zilizohitaji mahali pa kuishi bila kuulizana habari za makuba. Familia zilipokua, wengi walivunja vyumba vya udongo wakapandisha ghorofa za zege, kwa sababu paa la kuba halibebi ghorofa. Unyevu na chumvi kutoka chini vimezila kuta nyingine. Mwaka 2010 shirika la World Monuments Fund lilikiweka kijiji kwenye orodha yake ya maeneo yaliyo hatarini, na UNESCO ikaingia katika juhudi za kuokoa majengo ya umma yaliyobaki.

Kule mlimani, serikali ilirudi na matingatinga mwishoni mwa mwaka 2006. Vitongoji vya Gourna ya kale vilibomolewa na watu wakahamishiwa kwenye makazi mapya kaskazini mwa hapo, zaidi ya miaka 60 baada ya Fathy kupewa kazi ile. Safari hii nyumba zilikuwa za zege, zimepangwa kwa safu, na hazina kuba hata moja.